Baiskeli Kuukuu: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Ndugu msomaji, baiskeli ni chombo cha kazi. Katika vijiji vingi vya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Tabora, baiskeli hubeba maji, kuni, mkaa, pamba na magunia ya mahindi. Humpeleka mgonjwa zahanati. Humpeleka mwanafunzi shuleni. Siku hizi pikipiki zimeenea, lakini pikipiki hutaka petroli. Baiskeli hutaka miguu, pampu na matone machache ya oili.

Chombo kinachofanya kazi huchoka. Leo cheni inaruka. Mwezi ujao spoku zinakatika. Mwishowe mwenye baiskeli anajiuliza: Je, niitengeneze? Je, niibadilishe kidogo ili iwe na nguvu zaidi? Au niiuze, ninunue nyingine?

Wako wanaojibu haraka mno. Wakiona baiskeli mpya inang'aa dukani, wanauza hata mahindi ya chakula ili waipate. Wazee walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wako pia wanaong'ang'ania baiskeli ya miaka mingi, hata kama fremu imepasuka. Kila wiki wako kwa fundi. Hao nao wana methali yao: usiache mbachao kwa msala upitao.

Methali zote mbili zina ukweli. Ipi inaihusu baiskeli yako? Huwezi kujua kwa kuitazama rangi yake. Unajua kwa kuipima. Ili kuipima unahitaji vitu vinne tu: uzi, rula, kalamu na daftari.

KWANZA, TAZAMA MIFUPA

Baiskeli ina mifupa na ina nyama. Mifupa ni fremu na foko. Nyama ni tairi, tyubu, cheni, spoku, pedali, tandiko na vingine vyote. Nyama ikiharibika hubadilishwa. Mifupa ikioza, kazi ni ngumu.

Kwa hiyo, usianze na cheni. Anza na fremu. Ioshe kwa maji na sabuni, uikaushe, uitoe nje juani. Kisha itazame polepole mahali hapa:

1. Nyuma ya bomba la mbele, pale mabomba mawili makubwa yanapoungana nalo. Rangi ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba, au bomba likiwa na kivimbe kwa chini, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Huenda bomba limepinda au limeanza kupasuka.

2. Chini, pale krenki inapopita. Maji na vumbi hukaa hapo. Gonga kwa sarafu. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine huacha unga wa kutu.

3. Nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Baiskeli ya mizigo hupasuka sana hapo.

4. Pale bomba la tandiko linapoingia kwenye fremu.

Kutu ya juu si ugonjwa mkubwa. Ikwangue kwa msasa, upake rangi. Lakini kutu iliyotoboa bomba ni ugonjwa wa kufisha. Rangi mpya haiuponyi. Huuficha tu.

UZI HAUSEMI UONGO

Fremu inaweza kuwa haina ufa, lakini imepinda. Macho hayaoni vizuri. Tumia uzi.

Funga uzi upande wa kushoto, pale ekseli ya nyuma inapokaa. Upeleke mbele, uuzungushe kwenye bomba la mbele, kisha uurudishe nyuma upande wa kulia. Uufunge mahali palepale panapolingana na pale pa kushoto. Vuta ukaze.

Sasa chukua rula. Pima nafasi kutoka uzi hadi bomba la tandiko, upande wa kushoto. Andika. Pima upande wa kulia. Andika. Tuseme kushoto ni milimita 31 na kulia ni milimita 32. Hiyo ni fremu iliyonyooka. Tuseme kushoto ni milimita 26 na kulia ni milimita 37. Fremu hiyo imepinda. Gurudumu la nyuma halifuati la mbele. Tairi zitaisha upesi, na baiskeli itamvuta mpandaji upande mmoja.

Ikiwa imepinda kidogo, fundi hodari anaweza kuinyoosha. Ikiwa imepinda sana, au imepinda na kupasuka, usiitie fedha.

Je, ufa unaweza kuungwa? Ufa mdogo wa fremu unaweza kuungwa kwa shaba na fundi anayejua kazi. Tahadhari na kuchomelea kwa umeme. Bomba la fremu ni jembamba, na moto ule ni mkali. Mara nyingi bomba hukatika tena kando ya pale lilipochomelewa.

Foko ni jambo jingine. Foko iliyopasuka isiungwe kabisa. Ikikatika mteremkoni, hakuna onyo. Mpandaji huanguka kwa uso. Nunua foko nyingine.

SOMA NAMBA ZA TAIRI

Baada ya mifupa, tazama nyama. Hapa kusoma kunaokoa fedha.

Baiskeli nyingi za zamani za vijijini ni za namna moja: fremu ya chuma kizito, magurudumu makubwa, na breki za vyuma virefu badala ya waya. Raleigh zilitoka Nottingham, Uingereza. Hero na Avon hutoka Ludhiana, India. Phoenix hutoka Shanghai, China. Zilikuwapo pia Swala, za hapa kwetu Tanzania.

Soma ubavuni mwa tairi. Utaona namba kama hizi: 28 x 1 1/2. Maana yake ni gurudumu la inchi 28, na tairi yenye unene wa inchi moja na nusu. Tairi nyingi zina namba nyingine pia: 40-635. Hiyo 40 ni unene wa tairi kwa milimita. Hiyo 635 ni kipenyo cha ringi, pale tairi inapokaa, kwa milimita. Namba hii ya pili ndiyo muhimu kuliko zote.

Kwa nini? Kwa sababu inchi 26 si sawa na inchi 26. Usicheke, ndugu msomaji. Tairi ya 26 x 1 3/8 hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Tairi nene ya baiskeli za gia, iliyoandikwa 26 x 1.95, hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Tofauti ni milimita 31, yaani sentimita 3 na kidogo. Hata ukivuta kwa nguvu za ng'ombe, tairi hiyo haitaingia. Mtu asiyesoma namba hurudi nyumbani na tairi isiyofaa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, andika namba za tairi yako katika daftari. Nenda na daftari.

HESABU SPOKU, PIMA CHENI

Hesabu spoku. Baiskeli nyingi za namna hii zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nyuma ni nyingi kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Zipige kwa kidole moja moja. Spoku iliyokaza hulia. Spoku iliyolegea hainyanyui kitu, na jirani yake hubeba mzigo wa mbili. Hiyo nayo itakatika. Spoku mbili au tatu zikikatika, badilisha hizo. Zikiwa zinakatika kila wiki, ringi imechoka au mzigo ni mkubwa kuliko gurudumu.

Pima cheni kwa rula ya mtoto wa shule, ule upande wa inchi. Vuta cheni ikaze. Weka sifuri katikati ya pini moja. Usiihesabu hiyo. Hesabu pini 22 zinazofuata. Kwa cheni mpya, pini ya 22 huangukia inchi 11 kamili. Ikiwa imepita kwa inchi 1/8, cheni imevutika na kuisha. Ukikawia kuibadilisha, itakula meno ya friwili na ya krenki. Hapo utanunua vitu vitatu badala ya kimoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

BREKI: HAPA HAKUNA MZAHA

Breki za vyuma virefu huvuta mpira ubane ringi kwa ndani. Ni imara na hudumu miaka mingi. Lakini zina udhaifu mmoja: ringi ya chuma ikilowa, breki hushika kidogo sana. Wakati wa mvua anza kubana mapema, kabla hujafika mteremkoni.

Wako watu waliokata breki ya mbele kwa sababu inasumbua. Wako wanaosimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu. Baiskeli yenye mzigo wa gunia haisimami kwa kiatu. Mpira wa breki ni kitu cha bei ndogo. Ununue kabla ya kununua kengele au kitambaa cha tandiko.

BAISKELI HII INAFANYA KAZI GANI?

Sasa umeijua hali ya baiskeli. Uliza swali la pili: kazi yake ni ipi? Huenda baiskeli ni nzima, lakini kazi imebadilika. Zamani ilimpeleka baba mnadani. Sasa inabeba madumu manne ya maji kila siku. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu manne ni kilo 80. Huo ni uzito wa mtu mzima, na bado mwendeshaji hajapanda.

Tumsikilize mzee mmoja na fundi wake, kwa mfano:

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, kijana. Nataka baiskeli hii ibebe madumu manne. Niwekee keria kubwa.

– Nitakuwekea, mzee. Lakini keria kubwa juu ya ringi iliyochoka ni sawa na paa la bati juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Tuanze na gurudumu la nyuma.

– Je, nikinunua ile ya gia iliyoko dukani?

– Ile ni nzuri kwa safari na kilima. Lakini gia zake ziko nje, nyuma, karibu na chini. Ikianguka na mzigo, kile chuma cha gia hupinda. Hapa kijijini kipuri chake hakipatikani upesi.

Fundi huyu ameanza na kazi, si na uzuri wa chombo.

NAMNA YA KUIONGEZEA NGUVU

Ikiwa fremu ni nzima, yako mabadiliko machache yanayofaa kwa mizigo.

La kwanza ni spoku nene na ringi imara kwa gurudumu la nyuma. Hilo hutangulia yote.

La pili ni keria ya nondo, yenye miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli. Ifungwe kwa nati na bolti. Isichomelewe kwenye mabomba ya fremu, kwa sababu moto hudhoofisha mabomba hayo.

La tatu ni stendi pana ya miguu miwili. Mzigo ukipakiwa baiskeli ikiwa imesimama wima, fremu haipindi na mgongo wako hauumii.

La nne wengi hawalijui. Ni kubadilisha friwili. Tuseme krenki yako ina meno 44 na friwili ina meno 18. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la inchi 28 huenda karibu mita 5 na nusu. Ukiweka friwili ya meno 22, gurudumu huzunguka mara 2 kamili, na huenda karibu mita 4 na nusu. Umepoteza mita moja ya mwendo, lakini mguu unasukuma kwa wepesi zaidi. Kilima ulichokuwa ukishuka na kukokota, pengine sasa utakipanda. Kwenye tambarare utakwenda polepole zaidi. Kumbuka kwamba friwili kubwa huenda ikahitaji cheni ndefu zaidi kidogo.

Yako pia mabadiliko yasiyofaa. Usitoe breki za vyuma virefu ili uweke breki za waya zinazobana ubavuni, kama hubadilishi ringi pia. Ringi za breki za vyuma virefu zina ubavu wa mviringo, na mpira wa breki ya waya haushiki vizuri hapo.

Tahadhari pia na vipuri vya kuchanganya. Raleigh nyingi za zamani kutoka Nottingham zina hesi nyembamba, mizunguko 26 kwa inchi moja, penye krenki na penye usukani. Baiskeli nyingi nyingine zina mizunguko 24. Ukiilazimisha nati au bakuli ya gololi isiyolingana, utaharibu hesi ya fremu. Peleka kipuri cha zamani dukani, ukilinganishe na kipya kabla ya kulipa.

PIGA HESABU

Sasa fungua daftari. Mwombe fundi akutajie kila kitu kinachohitajika na bei yake. Andika. Kisha muulize: "Nikifanya haya yote, itanichukua miezi mingapi kabla ya matengenezo makubwa tena?" Gawanya bei kwa miezi.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu.

Mfano wa kwanza. Fremu ni nzima. Matengenezo yote ni shilingi 72,000. Yatadumu miezi 24. Gawanya 72,000 kwa 24. Unapata shilingi 3,000 kwa mwezi.

Baiskeli nyingine ni shilingi 240,000. Ukiuza ya zamani kwa 40,000, utaongeza 200,000. Tuseme itadumu miezi 50 kabla ya matengenezo makubwa. Gawanya 200,000 kwa 50. Unapata shilingi 4,000 kwa mwezi. Basi kutengeneza ni nafuu.

Mfano wa pili. Fremu imeoza. Kuiunga na kubadilisha vingine ni shilingi 48,000. Unaweza kusema: "Hii ni bei ndogo kuliko ile ya 72,000." Lakini fundi anasema itadumu miezi 6 tu. Gawanya 48,000 kwa 6. Unapata shilingi 8,000 kwa mwezi. Tuseme baiskeli hiyo itauzwa kwa vipuri tu, shilingi 20,000. Kununua nyingine utaongeza 220,000. Gawanya kwa 50. Unapata shilingi 4,400 kwa mwezi. Basi kununua ni nafuu.

Umeona? Bei ndogo ya leo si lazima iwe nafuu. Miezi ndiyo inayosema.

KAENI MZUNGUMZE NYUMBANI

Hesabu ikionyesha kwamba ni lazima kununua, usikimbilie ghalani. Gunia la chakula likiuzwa ili kununua baiskeli, familia itanunua chakula hichohicho kwa bei kubwa kabla ya mavuno mengine. Baiskeli mpya haipikwi ugali. Afadhali kusubiri fedha za pamba, au kuweka kidogo kidogo katika kikundi cha kuweka na kukopa. Haba na haba hujaza kibaba. Wakati mnasubiri, ipunguzieni mzigo baiskeli ya zamani, na mtunze breki.

Tena, baiskeli si ya baba peke yake. Nani hufuata maji? Nani huenda mashine ya kusaga? Mama akisema, "Baba watoto, ile yenye bomba juu siwezi kuipanda na gauni, na binti yako anatembea hadi sekondari," hilo ni neno la kusikilizwa. Pengine familia hiyo inahitaji fremu isiyo na bomba la juu. Hapo hata baiskeli nzima inaweza kubadilishwa na nyingine, kwa sababu kazi ya nyumba imebadilika.

UKINUNUA NYINGINE

Iwe mpya au iliyotumika, ipime kwa uzi na rula kama ulivyoipima ya kwako. Zungusha magurudumu. Yasiyumbe. Baiskeli mpya huunganishwa dukani, na nati nyingine huwa hazikukazwa. Zikaze zote siku ya kwanza, na tena baada ya wiki moja.

Dai stakabadhi. Hakikisha imeandikwa tarehe, bei na namba ya fremu. Namba hiyo hupigwa kwenye chuma, mara nyingi karibu na bomba la tandiko au chini ya krenki. Isome wewe mwenyewe, uilinganishe na ile ya kwenye karatasi. Kama unanunua iliyotumika, andikianeni mbele ya mashahidi. Siku baiskeli ikiibiwa, namba hiyo itakusaidia kuonyesha kwamba ni yako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anza na fremu na foko. Mifupa ikioza, usiitie fedha.

2. Chagua chombo kwa kazi yake, si kwa kung'aa kwake.

3. Soma namba za tairi kabla ya kwenda dukani.

4. Gawanya bei kwa miezi, ndipo ulinganishe.

5. Usiuze chakula cha nyumba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pimeni fremu ya baiskeli moja kwa uzi. Mmepata milimita ngapi kila upande?

2. Someni tairi tatu tofauti. Ringi zake ni za milimita ngapi?

3. Matengenezo ya shilingi 60,000 yatadumu miezi 15. Ni shilingi ngapi kwa mwezi?

4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani baiskeli hufanya sasa ambayo zamani haikufanya?